Kapu, Kibaba na Siku Saba: Kazi ya Angus Deaton

Hotuba iliyotolewa mjini Lamu mbele ya vijana wanaojiandaa kuwa makarani wa utafiti wa matumizi ya nyumba, pamoja na wavuvi, akina mama wa vyama na wazee wa mitaa.

Assalaam aleikum. Wazee wetu, mashekhe, mama zetu, ndugu wavuvi, na nyinyi vijana ambao karibuni mtakuwa mkipiga hodi milangoni mwa watu na karatasi ya maswali mkononi: maneno haya ni yenu kwanza.

Tarehe 12 Oktoba 2015 Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Uswidi ilimtangaza Angus Deaton kuwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi, peke yake, bila mwenza. Sababu iliyotajwa ni uchambuzi wake wa matumizi, umaskini na ustawi. Waliomtuza walitaja maswali matatu aliyoyashughulikia: mtu hugawaje pesa yake baina ya bidhaa na bidhaa, jamii hutumia kiasi gani cha pato lake na kuweka kiasi gani, na hali ya maisha ipimwe vipi. Majibu ya yote matatu yako jikoni. Mtu huyu alitumia zaidi ya miaka 40 kuonyesha kwamba takwimu ya umaskini haiwezi kuwa safi kuliko swali lililoulizwa mlangoni.

Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1945. Baba yake alitoka kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Yorkshire, akajisomesha kwa taabu hadi akawa mhandisi, na aliithamini shule kuliko kitu chochote. Mtoto akapata udhamini katika shule ya Fettes, kisha akaingia Cambridge. Huko alianza na hisabati, akahamia uchumi, akafanya kazi chini ya Richard Stone, ambaye naye alipata Nobel mwaka 1984 kwa kazi yake ya hesabu za taifa. Mwaka 1976 Deaton akawa profesa Bristol. Mwaka 1983 akahamia Princeton, Marekani, na huko ndiko alikodumu.

Kazi iliyompa jina aliitoa mwaka 1980 pamoja na John Muellbauer. Tuiweke katika kapu la hapa. Nyumba moja yatumia shilingi 600 kwa siku, na 420 zaingia chakulani: hiyo ni asilimia 70. Nyumba ya pili yatumia 2,000, na chakula chachukua 900: asilimia 45. Kwamba sehemu ya chakula hupungua kadiri nyumba inavyojiweza, Mjerumani Ernst Engel alikwisha kuliona mwaka 1857. Walichoongeza Deaton na Muellbauer ni mfumo unaotazama kapu zima kwa pamoja. Sehemu ya kila bidhaa, iwe unga, mchele, nazi, samaki au mafuta ya taa, hukokotolewa kutokana na bei za bidhaa zote pamoja na uwezo halisi wa nyumba. Mifumo ya kabla yake ilikuwa imefungwa na masharti yaliyolazimisha tabia za watu zifuate umbo fulani hata takwimu zikikataa. Huu ulikuwa mwepesi kukokotoa, na uliacha takwimu ziseme.

Faida yake huonekana siku serikali inapogusa bei. Septemba 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuzuia wachanganyaji wa mafuta. Nyumba inayochoma robo lita kila usiku, kama tozo yote imeingia kwenye bei, huongeza shilingi 4.50 kwa siku, yaani 135 kwa mwezi. Hiyo ni hesabu ya kwanza, na yeyote aweza kuifanya: kiasi kinachotumiwa mara ongezeko la bei. Hesabu ya pili ndiyo ngumu. Je, nyumba hiyo itahamia makaa, gesi au kuni? Na pesa ya makaa itatolewa kwenye fungu la samaki au kwenye ada ya chuo? Kumjibu waziri kwa uhakika kunataka mfumo wa aina hii, na mfumo nao hautembei bila takwimu za nyumba zilizoandikwa vizuri.

Swali la pili lawahusu wavuvi moja kwa moja. Tangu miaka ya 1950, nadharia za Milton Friedman na Franco Modigliani zilisema kwamba mtu hafuati pato la leo anapotumia. Hutazama pato lake la muda mrefu, akaweka siku za neema na akala akiba siku za dhiki. Deaton aliipima kauli hiyo kwa takwimu za nchi akakuta fumbo. Pato la nchi likipanda, mara nyingi kupanda huko hudumu, na pengine huendelea. Basi kwa nadharia yenyewe, matumizi yangeruka kuliko pato. Hayaruki; yametulia kuliko pato. Dawa aliyoisisitiza ilikuwa kuacha kumbuni mtu mmoja awakilishe nchi nzima. Nenda kwenye nyumba moja moja, kwa sababu mikasa yao ni mbalimbali na hufutana ukiijumlisha, kisha ndipo ujumlishe.

Mwaka 1991 alichapisha kazi juu ya watu wasioweza kukopa, na kwa maoni yetu hakuna kazi yake iliyo karibu zaidi na visiwa hivi. Mtu asiye na benki ya kumkopesha haweki akiba ya uzeeni. Huweka akiba ndogo ya kuvukia, inayopanda na kushuka haraka, na mara nyingi hukaribia kwisha. Ikiisha, matumizi huanguka pamoja na pato siku hiyo hiyo. Kusi likikaza, madau madogo hukaa siku nyingi bila kutoka nje ya mwamba. Mvuvi wa Kizingitini aliyepata vizuri wakati wa kaskazi ana mbuzi wawili, mchango wa mkewe kwenye chama, na mkufu wa dhahabu sandukuni. Julai mbuzi wa kwanza huuzwa. Agosti huanza daftari la deni dukani.

Hapo ndipo penye sababu ya kupima matumizi badala ya pato. Mwulize mvuvi huyo mwezi Januari alipata ngapi wiki iliyopita, atakuwa tajiri wa kijiji. Mwulize Julai, hana kitu. Lakini sima na mchuzi wake havikuyumba kiasi hicho. Na liangalieni daftari la deni vizuri, vijana. Ukiuliza "mmetumia pesa ngapi?" utapewa fedha taslimu tu. Unga uliochukuliwa kwa deni Jumatatu na kuliwa Jumanne ni matumizi ya wiki hii, hata kama utalipwa mwezi ujao. Nao mwezi huo ujao, malipo ya deni yasiandikwe tena kuwa chakula, la sivyo gunia moja litaliwa mara mbili kwenye karatasi.

Sasa tuingie ndani. Benki ya Dunia ilianzisha mpango wake wa tafiti za hali ya maisha mwaka 1980, na Deaton alihusika nao tangu mapema. Utafiti wa Kodivaa wa mwaka 1985 ulikuwa miongoni mwa wa kwanza, na yeye aliutumia sana. Mwaka 1997 alitoa kitabu kizima juu ya uchambuzi wa tafiti za nyumba, ambacho bado kinatumika.

Neno la kwanza ni nyumba yenyewe. Wataalamu husema kaya, lakini pwani neno hilo lina maana nyingine, basi ulizeni kwa chungu: nani hula chungu kimoja? Katika nyumba ya mawe ya ghorofa, binti aliyeolewa akaa juu na wazazi chini. Kama ana jiko lake, hizo ni nyumba mbili. Kama akiteremka kula, ni moja. Ukikosea hapo, kila hesabu inayofuata imeshakosewa.

Kisha vyakula, kimoja kimoja, kwa siku 7 zilizopita. Kila kimoja huulizwa kwa njia tatu: kilichonunuliwa, kilichotoka shambani au baharini mwao wenyewe, na kilicholetwa na watu. Nazi za shamba la Matondoni, tafi walioletwa na mwana, sahani ya pilau kutoka kwa wakwe: vyote viandikwe na vipewe bei ya soko la pale pale. Ukiviacha, mkulima wa Mpeketoni anayekula mahindi yake ataonekana ana njaa kuliko mtu wa mjini anayenunua kila kitu.

Kipimo ndicho kinachoharibu karatasi nyingi. Mama atasema "fungu mbili", "kibaba", "pishi". Pishi ni vibaba vinne, lakini kibaba cha mchele na kibaba cha unga havina uzito mmoja, na kopo la duka hili si kopo la duka lile. Fungu la samaki ndilo baya zaidi: huwa kubwa asubuhi mashua ziingiapo, na hupungua mchana kwa bei ile ile. Chukueni mizani. Pimeni mafungu kadhaa kwa saa tofauti katika kila soko, andikeni wastani, na mfanye hivyo kabla ya kuanza kuingia majumbani.

Hapa Deaton alifanya jambo tunaloliheshimu sana. Mwaka 1988 alieleza namna ya kupata bei mahali ambapo hakuna aliyeandika bei. Karani akigawa pesa kwa kilo hupata thamani ya kilo, na wengi waliichukua hiyo kuwa ndiyo bei. Siyo. Tuseme nyumba moja imenunua kilo 2 za tafi kwa shilingi 600, na jirani kilo 2 za nguru kwa 1,200. Wote wameandikwa "samaki". Thamani ya kilo ni 300 kwa mmoja na 600 kwa mwingine, na soko ni lile lile: jirani amechagua samaki bora kwa sababu ana uwezo. Deaton akasema hivi: katika kijiji kimoja, wiki moja, bei ni moja kwa wote. Kwa hiyo tofauti baina ya majirani ni ya ubora na ya makosa ya uandishi. Ukishaiondoa hiyo, tofauti inayobaki baina ya kijiji na kijiji ndiyo ya bei. Njia hii hufa kama karani atahoji nusu ya kijiji wiki hii na nusu iliyobaki mwezi ujao, maana bei itakuwa imebadilika katikati. Malizeni kijiji kwa mkupuo mmoja, na tarehe iandikwe.

Aligundua pia mtego uliojificha humo. Karani akiandika kilo 4 badala ya 2, kiasi kimepanda na thamani ya kilo imeshuka kwa kosa hilo hilo moja. Mchambuzi akitazama atadhani samaki walikuwa rahisi na ndiyo maana nyumba ikanunua wengi. Kosa la kalamu limegeuka kuwa sheria ya uchumi. Deaton alitumia tofauti za majirani kulipima kosa hilo na kulitoa kwenye hesabu.

Muda wa kukumbuka nao una kisa chake, cha India. Kwa miaka mingi tafiti za huko zilikuwa zikiuliza matumizi ya siku 30. Baadaye wakajaribu siku 7 kwa chakula, 30 kwa baadhi ya vitu, na 365 kwa nguo na vitu vinunuliwavyo kwa nadra. Siku 7 zilileta chakula kingi zaidi, kwani mtu husahau kidogo. Kwa jaribio hilo idadi ya maskini ilipungua karibu nusu, na hakuna sahani hata moja iliyoongezeka. Katika utafiti wa 1999–2000 wakaweka maswali yote mawili, siku 7 na siku 30, ubavu kwa ubavu kwenye ukurasa mmoja. Anayejibu, na anayeuliza pia, alijaribu kuzipatanisha namba mbili hizo, na majibu ya siku 30 hayakuwa tena sawa na ya tafiti za zamani. Takwimu rasmi zikasema umaskini umeshuka kutoka asilimia 36 mwaka 1993–94 hadi 26. Wengine wakashangilia, wengine wakakataa katakata.

Deaton hakushangilia wala hakukataa. Aliona kwamba kulikuwa na vitu ambavyo swali lake halikubadilika, kama kuni, taa na vitu vidogo vya nyumbani, ambavyo viliendelea kuulizwa kwa siku 30 tu. Matumizi ya vitu hivyo huenda sambamba na matumizi yote ya nyumba. Akavitumia kama fimbo ya kupimia, na akakuta kwamba umaskini ulishuka kweli, ila kwa kiasi kidogo kuliko kilichotangazwa. Mzozo wa nchi ya watu takriban bilioni moja ulitulizwa na mistari michache ambayo hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo karani asibadili hata neno moja la swali kwa kuona kwamba lake linasikika vizuri zaidi.

Tuje kwa watoto. Mstari wa umaskini, yaani kiasi cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, kwa Kenya hauhesabu vichwa tu. Mtoto wa miaka 0 hadi 4 huhesabiwa 0.24 ya mtu mzima, wa miaka 5 hadi 14 huhesabiwa 0.65, na wa 15 kwenda juu ni 1. Katika utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya (KNBS) wa 2015/16 mstari wa mashambani ulikuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi, na wa mijini 5,995. Chukua nyumba ya baba, mama, bibi, watoto wawili wa miaka 8 na 11, na mmoja wa miaka 4. Wakubwa 3, watoto wawili 1.30, mdogo 0.24: jumla 4.54. Mara 3,252 ni shilingi 14,764 kwa mwezi, kama 492 kwa siku. Sasa karani aandike yule mdogo ana miaka 5. Jumla imekuwa 4.95 na mstari umepanda kwa shilingi 1,333. Nyumba itumiayo 15,500 imekuwa maskini kwa mwaka mmoja wa kubahatisha. Ombeni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki.

Vipimo hivyo vya watoto Deaton hakuvipokea kama vilivyo. Mwaka 1986, akiwa na Muellbauer tena, alionyesha kwamba njia ya kutazama sehemu ya chakula huzidisha gharama ya mtoto, kwa sababu mtoto huja na mahitaji ambayo karibu yote ni chakula. Njia nyingine hutazama vitu vya wakubwa tu. Hapa kwetu tungesema sigara, miraa, tambuu. Mtoto akizaliwa, pesa ya vitu hivyo hupungua, na upungufu huo husema nyumba imejinyima kiasi gani. Mwaka 1989 aliigeuza njia hiyo kuuliza jambo zito: je, wazazi hujinyima zaidi kwa ajili ya mtoto wa kiume kuliko wa kike? Kwa takwimu za Kodivaa na Tailandi hakuona ushahidi wa ubaguzi wa maana. Alilisema hivyo hivyo, ingawa wengi walitarajia jibu jingine.

Kuhusu mstari wa umaskini wa dunia tutasema machache. Benki ya Dunia iliuweka dola 1.90 kwa siku mwaka 2015, ikaupandisha 2.15 mwaka 2022 na 3.00 mwaka 2025, kwa kufuata bei mpya za kulinganisha nchi. Deaton alionya mara nyingi kwamba kila bei hizo zinaporekebishwa, mamilioni kwa mamilioni ya watu huingia au kutoka katika umaskini bila maisha yao kubadilika. Jambo hilo lipo hata ndani ya kaunti moja. Unga unaofika Mokowe kwa lori lazima upande mashua hadi Faza, na mbali zaidi hadi Kiwayu, na kila kituo huongeza nauli na kazi ya wachukuzi. Mia tano ya Hindi, mji wetu wa bara, na mia tano ya Kiwayu hazinunui kapu moja.

Ndiyo maana takwimu ya Lamu ya 2015/16, asilimia 28.5 walio chini ya mstari, yataka kusomwa polepole. Ilikuwa chini ya ya taifa, 36.1. Lakini utafiti ule ulipangwa utoe jibu la kaunti, na nyumba kumi kumi za kila eneo haziwezi kuutenga mji wa Lamu na vijiji vya Pate au mpaka wa Kiunga. Anayesema "Lamu hakuna shida" kwa namba hiyo ameiomba ijibu swali ambalo haikuulizwa.

Baadaye Deaton aligeukia afya. Yeye na mkewe Anne Case, naye mwanauchumi wa Princeton, walionyesha mwaka 2015 kwamba vifo vya Wamarekani weupe wa umri wa kati vilikuwa vikipanda, hasa kwa sumu za dawa na pombe, kujiua na magonjwa ya ini. Aliandika pia dhidi ya misaada ya kigeni inayoifanya serikali isiwahitaji wananchi wake, na dhidi ya kuyaamini kuliko yanavyostahili majaribio yanayogawa watu makundi kwa bahati nasibu. Hayo yanataka siku yake.

Tumalize kwa kalenda, maana mtaanza kazi karibuni. Mwezi wa Ramadhani chakula cha nyumba hubadilika chote: tende, sukari na ngano hupanda, na sahani huenda na kurudi baina ya majirani. Mfungo sita huja Maulidi, na nyumba ya watu sita hulisha ishirini. Deaton na Shankar Subramanian walikutana na jambo hili katika takwimu za Maharashtra: nyumba tajiri zilionekana zinakula mno kwa sababu chakula cha wageni na watumishi kilihesabiwa kwenye matumbo ya wenye nyumba. Basi kwa kila siku kati ya zile 7, ulizeni wageni wangapi walikula, na milo mingapi, na nani wa nyumba hii alikula kwingine. Vijiji vihojiwe kwa zamu mwaka mzima, vingine kaskazi, vingine kusi, vingine ndani ya Ramadhani, na mwezi wa Kiislamu uandikwe kando ya tarehe ya kizungu juu ya kila karatasi.